Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Trei, Mfuko na Mtungi

Wanachama wenzangu,

Katiba ya chama chetu cha wahudumu wa afya inamtaka mwenyekiti awatumie wanachama taarifa ya mwaka kabla ya mkutano mkuu, ili kila mtu afike akiwa ameisoma. Hesabu za fedha ziko kwa mweka hazina, orodha ya waliojiunga na waliostaafu iko kwa katibu, nami sitayarudia. Nafasi hii naitumia kwa jambo moja ambalo kamati imelijadili mwaka mzima na ambalo mtaombwa kulipigia kura: pesa za semina ya mwaka ya hotelini zihamishiwe kwenye mazoezi mafupi ya wodini na kwenye vipuri vya vifaa vya kupumulishia watoto. Najua wapo watakaokunja uso. Wasome kwanza yale yaliyoonekana.

Ukaguzi wa mwaka huu

Kamati ya mafunzo ilizunguka vituo ambako wanachama wetu wanafanya kazi hapa Nairobi, wakubwa kwa wadogo. Hakukuwa na mtihani wa karatasi. Kulikuwa na mwanasesere, saa ya ukutani na swali moja kwa zamu iliyokuwa kazini: mtoto wa miaka 2 ameshushwa kwenye boda, mama amembeba, hapumui. Anzeni. Makubaliano yalikuwa kwamba hakuna kituo wala mfanyakazi atakayetajwa, na taarifa hii inayaheshimu.

Elimu ipo. Karibu kila zamu ilijua mpangilio: njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, ufahamu. Tangu mafunzo ya ETAT+, yale ya kutambua na kutibu dharura za watoto, yaanze kuenea nchini, pamoja na kile kijitabu cha Wizara ya Afya cha matibabu ya watoto kinachokaa mfukoni mwa koti, hata mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anaweza kukutajia dozi. Tatizo lilianza pale mkono ulipokwenda kwenye trei ya vifaa vya dharura. Barakoa ya namba ya kumfaa mtoto haikuwapo. Mfuko wa kupumulishia, ambu kwa lugha ya wodini, ulikuwapo lakini hausukumi hewa. Mtungi wa oksijeni ulikuwa umejaa na spana yake haijulikani iko kwa nani. Dakika zilipotelea hapo, na mtoto asiyepumua hana dakika za kupoteza.

Msisitizo huu una sababu. Moyo wa mtu mzima mara nyingi husimama kwa ugonjwa wa moyo wenyewe, na ndiyo maana mashine ya kushtua moyo hupewa nafasi ya mbele. Moyo wa mtoto kwa kawaida husimama mwishoni, baada ya mapafu kushindwa au damu kukosa nguvu ya kuzunguka: nimonia, kuhara, sepsisi (maambukizi yaliyosambaa mwilini), malaria kali kwa aliyetoka safari ya magharibi au Pwani, mafuta ya taa yaliyonywewa kutoka chupa ya soda, njugu iliyokwama kooni. Anayemfikishia hewa mapema humkuta moyo ungali unapiga, ingawa polepole. Anayechelewa humkuta umenyamaza, na kuurudisha hapo ni kazi ngumu ambayo mara nyingi haifaulu.

Mfuko

Hapa nitakaa kwa kirefu kidogo, kwa sababu ndipo kasoro nyingi zilipoonekana.

Mfuko wa kumpumulishia mtoto mdogo uwe na ujazo wa mililita 500 hivi. Ule wa mililita 250 ni wa mtoto mchanga. Ukiutumia kwa mtoto wa miaka 2 utaminya mpaka mkono uchoke na kifua kisinyanyuke, hasa hewa ikivuja kidogo usoni. Kama uliopo ni wa mtu mzima tu, utumie. Minya kwa vidole badala ya kiganja kizima, huku macho yakiwa kifuani. Kipimo cha pumzi ya kutosha ni kifua kuinuka, basi. Pumzi moja ichukue kama sekunde moja, na kwa mtoto mwenye mapigo ya kutosha asiyepumua, pumzi 20 hivi kwa dakika. Wenye hofu huminya 40 au 50. Hewa hiyo huingia tumboni, tumbo hujaa kama ngoma, kiwambo, msuli ulio kati ya kifua na tumbo, husukumwa juu, na mapafu hukosa nafasi ya kutanuka. Tumbo likianza kuvimba, pitisha mrija wa puani uitoe hewa hiyo kabla hujalaumu mapafu.

Barakoa ianzie kwenye daraja la pua iishie kwenye kidevu. Isikanyage macho, isining'inie nje ya kidevu. Trei iwe na namba 0, 1, 2 na 3, na zote ziwe na kingo laini zisizopasuka. Katika vituo kadhaa kingo zilikuwa zimekauka na kukakamaa kwa kulowekwa kwenye klorini kali usiku kucha. Plastiki iliyokakamaa haikai usoni, na mkono hauwezi kufidia pengo hilo. Ioshwe kwa sabuni na maji, itakaswe kwa njia na muda ulioandikwa na mtengenezaji, kisha ikaushwe: hivyo ndivyo barakoa hudumu.

Mshiko nao una makosa yake. Gumba na kidole cha shahada huzunguka barakoa, vidole vitatu vilivyobaki hukaa kwenye mfupa wa taya na kuuinua kuelekea barakoa. Wengi hufanya kinyume, wanaisukuma barakoa chini usoni. Kidevu hushuka, ulimi hurudi nyuma, njia ya hewa hufungika. Wengine vidole vyao hutua kwenye nyama laini chini ya kidevu, na kwa mtoto mchanga hiyo peke yake yatosha kumziba. Kichwa cha mtoto wa chini ya mwaka kikae sawasawa, uso ukitazama dari. Kisogo chake ni kikubwa, hivyo kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega husaidia. Mkubwa zaidi ya hapo huinuliwa kidevu kidogo, kama anayenusa. Kama mko wawili, mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili na mwingine aminye. Hakuna aibu katika hilo, na kwa mikono midogo au mchovu wa saa tisa usiku ndiyo njia bora.

Sasa vali. Mfuko ukishaoshwa hufunguliwa vipande, na vipande vikirudishwa vibaya unabaki na kitu kinachofanana na mfuko lakini si mfuko. Vali ya mdomo wa bata, kile kijiraba kinachopitisha hewa kuelekea kwa mtoto, ikisahaulika kwenye sinki au ikigeuzwa, unaminya kwa wepesi wa ajabu na kifua kimetulia tuli. Vali ya nyuma ya kuingizia hewa ikikosekana, hewa hutokea nyuma. Kuna kipimo kisichohitaji fundi na kisichozidi nusu dakika. Toa barakoa, ziba mdomo wa mfuko kwa kiganja, minya kwa nguvu. Mfuko ukatae kuminyika mpaka vali ya usalama ilie, kwa kawaida kwenye shinikizo la sentimita 35 hadi 40 za maji. Ukiminyika bila upinzani, kuna tundu au vali imekaa vibaya. Kisha achia: ujae mara moja. Ukichelewa kujaa, njia ya kuingizia hewa imeziba. Mwisho, utazame mdomo wa bata ukifunguka unapominya. Mwanachama yeyote akipokea zamu bila kufanya hivi, amepokea kitu asichokijua.

Jambo la mwisho kuhusu mfuko: usingoje oksijeni. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na pumzi ya hewa hiyo inayofika mapafuni ina thamani kuliko asilimia 100 iliyo kwenye mtungi ambao mtu amekwenda kuutafutia spana. Oksijeni ikifika, iunganishwe kwa lita 10 hadi 15 kwa dakika pamoja na mfuko wake wa akiba, ule unaokusanya oksijeni. Bila mfuko wa akiba, sehemu kubwa ya anachopata mtoto ni hewa ya chumbani.

Pumzi tano, kisha kifua

Mpangilio tunaoufundisha haukubadilika: pumzi 5 za kuanzia zinazoonekana zikinyanyua kifua, kisha tafuta mapigo kwenye mshipa mkubwa kwa sekunde 5 hadi 10, si zaidi. Hayapo, au yako chini ya 60 kwa dakika na mtoto amepauka: kandamiza kifua mara 15 kwa pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha theluthi moja ya unene wa kifua. Hiyo ni kama sentimita 4 kwa mtoto wa chini ya mwaka na 5 kwa mkubwa zaidi. Uliye peke yako, 30 kwa 2. Kwa mtoto mchanga aliyezaliwa sasa hivi ni 3 kwa 1, na kabla ya hapo mara nyingi pumzi peke yake humaliza kazi.

Kwa wachanga na wa chini ya mwaka, zungusha mikono kifuani ukandamize kwa magumba mawili. Vidole viwili vya ncha huchoka haraka na havifiki kina. Ubao uwekwe chini ya mgongo. Kukandamiza mtoto juu ya godoro la sponji ni kukandamiza godoro. Anayekandamiza apokezwe kila dakika 2 hata akidai hajachoka, maana kina hupungua kabla mwenyewe hajahisi.

Mtungi

Oksijeni ndiyo dawa inayoandikwa bila dozi kuliko nyingine zote. "Apewe oksijeni", ndivyo faili nyingi zilivyosema. Kwa njia gani, lita ngapi, mpaka saturesheni (asilimia ya oksijeni kwenye damu) ifike wapi? Vijirija vya puani: nusu lita kwa mchanga, lita 1 hadi 2 kwa mtoto mkubwa zaidi. Barakoa yenye mfuko wa akiba: lita 10 hadi 15, kwa mtoto mahututi, na tunalenga saturesheni ya 94 au zaidi wakati bado ana dalili za hatari, kisha 90 au zaidi akishatulia. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hivyo mtoto mwenye afya wa huku husoma chini kidogo ya yule wa Mombasa. Hilo lisimpumbaze mtu akaachilia mtoto anayesoma 88 kwa kisingizio cha mwinuko.

Oksimeta, kifaa cha kidoleni kinachopima saturesheni, nayo husema uongo. Kipimo cha kidole cha mtu mzima kwenye kidole cha mtoto mchanga, mkono baridi, rangi ya kucha au piko ya arusi: vyote vinaweza kuharibu namba. Tazama kwanza kama mapigo inayoyahesabu yanalingana na yale unayoyahesabu wewe. Hayalingani, namba ya oksijeni haina maana. Ikumbukwe pia kwamba kwenye ngozi nyeusi chombo hiki kinaweza kusoma juu kuliko ukweli. Mtoto anayekoroma na kuvuta mbavu huku oksimeta ikisema 91 aaminiwe mtoto.

Hesabu ya mtungi kila mtu aifanye mwenyewe. Mtungi wenye ujazo wa lita 40 ukisoma shinikizo la bari 150 una oksijeni kama lita 6,000. Kwa lita 10 kwa dakika hizo ni dakika 600, saa 10. Kwa lita 1 kwa dakika mtungi huohuo unakwenda zaidi ya siku nne. Ukisoma bari 50 zimebaki lita 2,000, na kwa mtoto wa barakoa hizo ni saa tatu na dakika 20, hazifiki asubuhi. Tuliona namba ya bari ikiandikwa kwenye daftari kila zamu bila mtu kuigeuza kuwa saa. Daftari lisilofanyiwa hesabu ni pambo.

Spana ifungwe kwa mnyororo kwenye mtungi. Regyuleta, kifaa cha kupunguza shinikizo la mtungi, isipakwe mafuta wala grisi hata ikigoma, kwani mafuta na oksijeni ya shinikizo huwaka.

Konsentreta, mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, ni rafiki mzuri mpaka stima ipotee. Isiachwe bila mtungi wa kushika zamu. Kichujio chake cha vumbi kioshwe kila wiki. Kikiziba, mashine hupata joto na usafi wa oksijeni hushuka ingawa mpira wa kipimo bado umesimama palepale. Mpira huo unapima mwendo wa hewa, hauoni kama ni oksijeni au la. Kwa hiyo kituo chenye konsentreta kadhaa kinahitaji walau kipima oksijeni kimoja. Chupa ya maji ya kulainisha hewa haihitajiki kwa vijirija vya puani vya mwendo mdogo, na kifuniko chake kisipokaza vizuri ndiko oksijeni inakovujia. Chovya ncha za vijirija kwenye gilasi ya maji: mapovu yakitoka, mtoto atapata. Yasipotoka, fuata mrija kurudi nyuma mpaka upate panapovuja.

Maji ya mshipani

Hapa mazoea ndiyo hatari kuliko upungufu. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya utafiti wa FEAST ulioongozwa na Kathryn Maitland, daktari mtafiti wa watoto, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania kwa watoto zaidi ya 3,000 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri. Waliopewa maji mengi kwa haraka walikufa zaidi: kufikia saa 48, asilimia 10.6 ya waliopewa albumini (maji yenye protini ya damu) na 10.5 ya waliopewa salaini (maji ya chumvi), dhidi ya 7.3 ya waliopewa maji ya kawaida ya kujazia mahitaji tu. Ni matokeo ya kwetu, kwa watoto wa kwetu, na bado zamu nyingine mwaka huu zilikimbilia kufungua dripu mpaka mwisho kabla ya kuuliza kama mtoto anahara.

Swali hilo ndilo la kwanza. Utafiti ule haukuhusisha watoto wa kuhara wala wenye utapiamlo mkali. Mtoto anayehara na yuko kwenye shoku, yaani damu haizunguki vya kutosha, anahitaji maji upesi: maji ya dripu ya Ringa lakteti mililita 20 kwa kilo ndani ya dakika 15, irudiwe ikihitajika, kisha mililita 70 kwa kilo kwa saa mbili na nusu kama amefikisha mwaka, au saa 5 kama hajafikisha. Asiyehara hupewa mililita 20 kwa kilo kwa saa 2, na hapo ni pale tu dalili zote nne zipo: ufahamu umepungua, mapigo ya mkononi ni dhaifu au hayapo, ngozi iliyobonyezwa inachukua zaidi ya sekunde 3 kurudi rangi, na mikono ni baridi kupanda juu. Mwenye utapiamlo mkali ana njia yake ya polepole. Aliyepauka viganja kabisa anahitaji damu, na maji yatazidi kuizimua ile kidogo aliyo nayo.

Mchukue mtoto wetu wa miaka 2. Hatuna uzito wake: umri ongeza 4, zidisha kwa 2, kilo 12. Kama amekonda, kadirio hilo linamzidishia, hivyo mzani hauna mbadala pale muda unaporuhusu. Mililita 20 kwa kilo ni 240. Kwa saa 2, kwenye dripu ya matone 20 kwa mililita, ni matone 40 kwa dakika, yanahesabika. Kwa dakika 15 ni matone 320 kwa dakika, hayahesabiki na jicho lolote. Ndiyo maana tunafundisha kuvuta kwa sirinji ya mililita 50 na kusukuma, kama tano hivi, huku mmoja akiandika kila moja. Chupa ya mililita 500 iliyofunguliwa na kuachwa ining'inie itampa mtoto huyu yote 500 kabla mtu hajageuka. Bandika plasta kwenye chupa, uchore mstari wa pa kusimamia.

Mshipa ukikataa, mfupa haukatai. Kwa aliyesimama moyo nenda mfupani moja kwa moja. Kwa mahututi mwingine, usizidi dakika 5 ukitafuta mshipa. Sehemu ya ndani ya mfupa wa goko, sentimita 1 hadi 2 chini ya kile kinundu cha chini ya goti, sindano ikielekea mbali na goti ili kuepuka sehemu ya kukua. Sindano ya mfupa isipokuwapo, sindano imara ya geji 18 inaweza kutumika. Usirudie kwenye mfupa uleule uliokwisha kutobolewa, wala wenye mvunjiko. Tazama nyuma ya mguu kila baada ya muda: ukivimba, maji yanaingia kwenye misuli, toa. Mshipa ukishapatikana, sindano ya mfupani iondolewe, isikae zaidi ya saa 8. Ajabu ni kwamba wengi walijua haya yote na hawajawahi kuigusa sindano yenyewe. Mfupa wa paja la kuku kutoka sokoni unatosha kufundishia. Kamati imetumia mwingi mwaka huu, na mabaki hayakuliwa, kwa wanaouliza.

Dawa tatu za trei

Adrenalini, dawa ya moyo uliosimama, huja kwetu kwenye kichupa cha miligramu 1 kwa mililita 1. Mtoto hapewi hiyo ilivyo. Vuta mililita 1, ongeza mililita 9 za salaini, kisha toa mililita 0.1 kwa kilo ya mchanganyiko huo: mtoto wa kilo 12 apate mililita 1.2, kila dakika 3 hadi 5 kama moyo haujarudi. Kosa tuliloliona si moja: mtu anakumbuka "mililita 0.1 kwa kilo" na kusahau kuzimua, na mtoto anapata mara kumi. Sirinji iliyozimuliwa ibandikwe plasta na kuandikwa hapohapo, kwa sababu mililita 10 za kitu kisicho na rangi hufanana na salaini ya kusafishia mrija.

Dekstrozi, yaani sukari ya mshipani. Kila mtoto mwenye degedege au aliyepoteza fahamu apimwe sukari, na kama vijiti vya kupimia vimekwisha, atibiwe kana kwamba iko chini. Mililita 5 kwa kilo ya dekstrozi asilimia 10, mchanga mililita 2 kwa kilo. Famasi kwa kawaida ina ile ya asilimia 50, ambayo ikiingia ilivyo huchoma mshipa. Kwa mtoto wetu ni mililita 60: vuta 12 za asilimia 50, ongeza 48 za maji ya sindano. Jedwali la kuchanganya libandikwe ukutani juu ya trei, maana hesabu ya kugawanya saa nane za usiku huwashinda hata wenye shahada.

Diazepamu, dawa ya kukata degedege, ni miligramu 0.3 kwa kilo mshipani, polepole kwa dakika nzima, au 0.5 kwa kilo kwa njia ya haja kubwa, na matako yashikwe pamoja baadaye isimwagike. Kichupa cha miligramu 10 kwa mililita 2 humpa mtoto wa kilo 12 kama mililita 0.7 mshipani au 1.2 kwa njia ya nyuma. Degedege ikiendelea baada ya dakika 5, dozi ya pili, na hapo basi. Ya tatu haipo. Nenda kwenye dawa nyingine ya degedege, fenobabitali, miligramu 20 kwa kilo kwa dakika 20. Diazepamu ikirundikana mtoto huacha kupumua, nasi tumerudi kwenye mfuko ule ule uliosahaulika vali kwenye sinki. Mtoto wa chini ya mwezi mmoja asipewe diazepamu. Yeye huanza na fenobabitali.

Rufaa

Fupi tu. Ambulansi ikitoka Embakasi kuelekea Hospitali ya Kenyatta jioni ya mvua, saa moja inaweza kwisha mkiwa bado kwenye foleni. Mtungi mdogo wa lita 2 ukijaa bari 150 una lita 300: dakika 30 kwa lita 10 kwa dakika. Beba oksijeni ya mara mbili ya muda unaoutarajia, mfuko uliokaguliwa, na mtu anayejua kuuminya. Dereva na mama peke yao si timu ya rufaa. Pigeni simu kabla ya kuondoka, mseme uzito, kilichotolewa na saa ngapi.

Pendekezo la kamati

Semina ya hotelini huwapa wachache siku mbili za slaidi, chakula kizuri na cheti. Sisemi haina faida. Wengi tulifahamiana pale. Lakini ujuzi wa mkono hufifia ndani ya miezi michache usipotumika, na anayehudhuria siyo lazima awe ndiye atakayekuwa kazini usiku ambao mtoto ataletwa. Kamati inapendekeza mazoezi ya dakika 15 wodini kila mwezi, wakati wa kukabidhiana zamu, na mwanasesere mmoja kwa kila kanda azunguke. Kila zoezi lianze kwa kukagua mfuko na kuhesabu saa za mtungi, na limalizike kwa mazungumzo mafupi yasiyotafuta mkosaji. Sehemu ya pili ya pesa inunue vipuri: midomo ya bata, barakoa, vijirija vya wachanga, minyororo ya spana. Ni vitu vya bei ndogo ambavyo husahaulika kwenye kila oda kubwa kwa sababu havina fahari.

Wapinzani ndani ya kamati walisema vipuri ni jukumu la mwajiri, na chama kikianza kununua, mwajiri ataacha kabisa. Hoja hiyo ina uzito na haijajibiwa kikamilifu. Kwa hiyo pendekezo lina kikomo cha mwaka mmoja, na kila kipuri kitakachotolewa kitaambatana na barua kwa uongozi wa kituo inayotaja kilichokosekana na tarehe.

Kuna suala ambalo halimo kwenye pendekezo nami naliomba lijadiliwe: wazazi. Zamu nyingi bado humtoa mama nje mara tu kazi inapoanza. Mama akikaa na mtu mmoja wa kumweleza kinachoendelea, kazi haizuiliki, na habari mbaya ikija haimkuti amesimama peke yake kwenye korido. Sista mmoja apewe jukumu hilo kwenye mgawanyo wa kazi, kama vile mmoja anavyopewa kuandika saa.

Wote watakaohudhuria mkutano wanaombwa kuja na mfuko mmoja wa kupumulishia kutoka wodini kwao, kwa idhini ya msimamizi, endapo kuna wa ziada utakaobaki kazini. Meza ya ukaguzi itakuwa mlangoni kuanzia saa mbili asubuhi. Atakayekuta vali yake imegeuka ataigeuza hapohapo, na kura itapigwa baada ya chai.

Mwenyekiti, kwa niaba ya Kamati Tendaji
Nairobi